Nilivyokikimbiza Kijiji Kizima Nikijiandaa na Usaili wa Bodi

Jamani, aibu hii huwa siisimulii ovyo, lakini kwa kuwa mmeshaanza kunichokoza kila mkisikia kengele ya kanisa, bora mnisikie mwenyewe, mimi Devota, binti wa Mbinga niliyekulia kwenye kahawa, niliyeteremka mwambao wa Ziwa Nyasa kujenga mradi wa maji na kuwatoa watu mbio mchana kweupe. Kijiji sikitaji. Kipo kata ya Mbaha, na wenyewe wananijua vizuri sana.

Chanzo ni usaili. Sisi ukimaliza chuo bado hujawa mhandisi kamili, unafanya kazi chini ya mkubwa wako, unaandika ripoti, yeye anaisaini, ndipo unaenda mbele ya jopo la Bodi ya kusajili wahandisi wakuhoji mpaka jasho likutoke. Mara ya kwanza nilianguka. Mahesabu nilijibu yote (zege nalijua kuliko ninavyojua kupika), ila mama mmoja wa kwenye jopo, mwenye miwani, akaniambia, "Sasa sisi ni wanakijiji. Tenki lako lina ufa, linataka kupasuka. Hebu tuambie, kwa Kiswahili." Nikajikohoza, nikasema, "Samahani wazazi wangu, kama mtakuwa na nafasi, naomba msogee kidogo." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akaniambia nikajifunze kuongoza watu kwanza, nirudi.

Mnacheka na nyie! Mimi nimelelewa kumwamkia mtu mzima nimepiga goti, kumfokea nitaanzia wapi?

Basi usaili wa pili ukawa unakaribia, na kazini walishaniambia nisiposajiliwa safari hii mkataba unaishia hapo. Injinia Kinunda, mkubwa wangu, alikuwa aje siku hiyo ya mkasa kutoka Mbinga aukague mradi, akiridhika asaini ripoti yangu. Kwa hiyo asubuhi nikapanda mlimani peke yangu kwenye tenki, tulikuwa tumelijaza tangu jana yake kuangalia kama linavuja. Halivuji. Kavu kabisa. Nikakaa kivulini kumsubiri mzee, moyo mweupe, ndipo rafiki yangu Salome, tuliyekuwa tunajiandaa naye, akanitumia ujumbe: "Lile swali la ufa, nirekodie jibu sasa hivi. Nataka amri. Ukibembeleza tena sikusaidii."

Nikashika simu. Kabla sijamjibu ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la watumia maji wa kijiji, mama mmoja anauliza maji yanafunguliwa lini, nikaingia, nikamjibu "kesho, mama", na badala ya kutoka mle nirudi kwa Salome, nikabonyeza kurekodi hapohapo nilipokuwa. Ndiyo hivyo. Kidole kimoja tu.

Nikasimama, nikapanua kifua, upepo unavuma vizuri, nikasema kwa sauti ambayo hata mama yangu asingeitambua: "Ndugu wananchi! Anaongea mhandisi wa mradi! Tenki letu limepata ufa, linapasuka wakati wowote! Kila mtu atoke nyumbani kwake sasa hivi! Acheni vyombo, acheni chakula, shikeni watoto na wazee! Sirudii! Na haya si mazoezi!" (Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe, linoge.) Nikatuma, nikatia simu mfukoni, na nisiwafiche, nikajipigia makofi.

Punde nikasikia kengele ya kanisa. Nikafanya ishara ya msalaba nikidhani kuna aliyefariki. Lakini kengele ya msiba haipigwi vile, ile ilipigwa kama mpigaji anaungua, halafu zikafuata kelele, na nilipochungulia chini nikaona watu wanamwagika kutoka kwenye nyumba, magodoro kichwani, kuku kwapani, watoto wa shule wamevunja mstari wanakimbia, na mimi, mwenye akili zangu timamu, nikampigia simu mwenyekiti wa kijiji, Mzee Austini, kumuuliza kuna nini.

"Shikamoo mzee, huko chini kumetokea nini?"

"Wewe ndiye unatuuliza?" akasema anahema. "Tunakimbia kama ulivyosema! Na wewe shuka, mwanangu, utakufa!"

Simu ikakatika. Nikafungua WhatsApp, nikaona nilipotuma, nikakaa chini kwenye kokoto puu! Nikajaribu kuufuta ujumbe, mtandao umeondoka. Nikapiga tena, hapatikani. Mama yangu weee!

Nikaona dawa ni kushuka niwazuie. Nikateremka ule mlima mbio, kofia ngumu inanigonga puani, buti moja likabaki kwenye tope, napunga mikono napiga kelele, "Rudini! Rudini!" Sasa jiulizeni, wewe umeambiwa tenki linapasuka, unageuka nyuma unamwona mhandisi mwenyewe anatoka tenkini mbio, mguu mmoja peku, anapiga mayowe. Utarudi? Mama mmoja aliponiona tu akapiga ukunga, "Limepasukaaa!" na waliokuwa wanatembea wakaanza kukimbia, waliokuwa wanakimbia wakaanza kurukia mitumbwi, na usipa wote, wale dagaa wa ziwani, ulioanikwa kwenye vichanja ukaangushwa na kukanyagwa.

Nikafika ufukweni nikihema. Gari la Injinia Kinunda ndiyo kwanza linaingia, likakwama katikati ya magodoro. Akashuka, akaniangalia kuanzia kofia mpaka ule mguu mtupu.

"Devota. Tenki limepasuka?"

"Hapana, mzee," nikasema, kijiji kizima kinanisikiliza. "Lipo zima kabisa. Nilikuwa... nilikuwa najiandaa na usaili."

Nilitegemea matusi, ila kwanza Mzee Austini, ambaye alikuwa kanyolewa ndevu upande mmoja tu akamkimbia kinyozi, akauliza polepole, "Ati nini?" Hapo ndipo walipolipuka. Nikaitwa majina ya Kinyasa ambayo nashukuru Mungu sikuyaelewa.

Injinia Kinunda akanyanyua mkono wanyamaze, na swali lake hakuniuliza mimi. "Wazee, mbona mmekimbilia huku?"

"Tumeshuka na njia yetu ya kila siku," akajibu Mzee Austini. "Alisema tutoke. Hakusema twende wapi."

Ndipo mzee akanigeukia. "Tenki lile likipasuka kweli, maji yanapita wapi?"

Yanapita korongoni. Ramani niliichora mwenyewe. Njia yao ya kila siku inafuata korongo lilelile, na korongo linaishia ufukweni, pale watoto walipokuwa wamekalia magodoro, wengine wamejazana kwenye mitumbwi.

"Hapa, mzee," nikasema. "Yanakuja hapa."

Jamani! Aibu yote ya buti na usipa ikanitoka, nikabaki nawatazama wale watoto tu. Ningekuwa nimewakusanya wote sehemu moja niwaue, kwa lile jibu nililojipigia makofi.

Na kabla sijapumua, sauti ikatoka nyuma: "Bibi Melania yuko wapi?"

Bibi Melania hatembei, na nyumba yake iko ukingoni mwa korongo. Kila mtu alidhani mwenzake amembeba. Tukapanda mbio, tukamkuta amekaa kibarazani, kitenge kipya, begi mapajani.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia kwenye simu ya jirani, shikeni wazee. Nimekaa nishikwe. Mbona mmechelewa?"

Nikapiga goti palepale nikalia kama mtoto, yeye ananipapasa kofia na kuniuliza kama maji yameshafika.

Jioni ile Injinia Kinunda alilizunguka tenki, hakuona kasoro, akafunga ripoti yangu bila kuisaini. "Tenki umelijenga," akasema. "Watu bado." Akaondoka, nami nikabaki kuanika usipa upya na kina mama (siku hizo hata mto wangu wa kulalia ulinuka samaki), kisha nikaomba msamaha kanisani, na nikaanza kutembea na Mzee Austini kilima kwa kilima kutafuta watu wakimbilie wapi. Tukachagua uwanja wa kanisa, uko juu, mbali na korongo. Tukataja nani atambeba nani, nyumba kwa nyumba. Tukafanya mazoezi ya kweli, safari hii kila mtu akijua ni mazoezi, na Bibi Melania akabebwa na vijana wanne huku akiwafokea wasimtikise. Injinia Kinunda alikuja kushuhudia, akasaini ripoti juu ya boneti ya gari.

Siku ya usaili nikamkuta mama yuleyule mwenye miwani. Mahesabu yakapita, halafu akavua miwani. "Sisi ni wanakijiji. Tenki lina ufa. Tuambie."

Sikujikohoza. "Pandeni uwanja wa kanisa! Mtu yeyote asishuke ziwani! Na Bibi Melania abebwe kwanza!"

Wakatazamana. Yule mama akaweka kalamu chini.

"Bibi Melania ni nani?"

Nikawasimulia yote, pamoja na buti, na safari hii jopo halikucheka, isipokuwa yeye, alicheka mpaka akafuta macho. Nikasajiliwa. Tangu siku hiyo mazoezi nayafanya mbele ya kioo, simu nimeizima, na hata ujumbe wa sauti wa kumsalimia mama nautazama mara mbili ninamtumia nani. Kijijini nikipita wananiuliza, "Injinia, leo tukae au tukimbie?" Nacheka nao, halafu napita kwa Bibi Melania kumwamkia. Lile begi lake bado liko mlangoni, hajataka kulifungua.