Marehemu Sehemu ya Tatu: sinema mbovu kuliko zote zilizowahi kufika Mpanda, na ninayoipenda kuliko zote

Wakuu, wakubwa wote shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama bado hamjaamkia.

Juzi nimepita kwenye uzi mmoja humu, mnabishana ni sinema gani ya kutisha imetolewa mara nyingi mpaka ikachuja. Huyu anataja part six, yule part nine. Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza babu una nini.

Nikasema ngoja na mimi nishushe la kwangu. Sitii chumvi. Pale nilipokwisha kusahau nitasema nimesahau, uzee nao una haki zake.

Ni Mpanda, miaka ya sabini katikati. Mimi kijana, karani wa mizigo stesheni, natembea na kalamu mbili mfukoni ingawa moja haina wino. Nakaa Kawajense na wazazi wangu. Jina langu Deo, kwa hiyo mama yangu mtaa mzima ni Mama Deo.

Burudani ya mji ilikuwa sinema ya Fundi Idd. Jamaa alikuwa na projekta moja, jenereta moja lenye kikohozi, na shuka jeupe la kitandani kwake. Anaazima ukumbi, anaziba madirisha kwa mablanketi, na Jumapili saa kumi jioni watu wakishatoka misa na kula, tunajaa.

Mikebe ya filamu ilikuja na treni kutoka Tabora. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua wiki hii tunaangalia nini. Nilijiona mtu mkubwa sana jamani.

Sasa kulikuwa na sinema moja ya mfululizo. Mzungu mmoja anakufa, anazikwa, halafu anatoka kaburini na kuanza safari ya kurudi kwa mke wake. Part one wanamchoma moto mlangoni. Part two karudi, wanamzamisha ziwani.

Jina lake la kizungu hakuna aliyelishika. Sisi tulimwita Marehemu. Unasikia watu sokoni, "Marehemu anakuja lini tena?" "Nasikia yuko Tabora, Jumapili atafika." Mgeni asiyejua alikuwa na haki ya kukimbia mji.

Part one ilitutisha kweli. Kuna mtu mzima, simtaji, alitoka kwa kupitia dirishani akaondoka na blanketi la Fundi Idd. Lakini ilipofika part two tulikuwa tumeshamzoea. Tulimpenda tu.

Baada ya part two, masika hiyo hiyo, baba yangu akafariki.

Hapa niwaeleze kitu, maana vijana wengi mnadhani utani ni kuzomeana kwenye mpira tu.

Kwetu, ukoo una watani wake, toka kwa mababu. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye kazi. Wenyewe mnalia, yeye anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anasema madeni na uongo wake wote. Anaingia kaburini analala, anagoma kutoka mpaka mumpe kitu. Mtacheka huku mnalia. Na hakuna wa kumkasirikia. Ndivyo mtu anavyoagwa.

Mtani wetu alikuwa Mzee Kasonso. Yeye na baba walikuwa hawaachani, na kila wakikutana ni matusi.

Tusi kubwa lilihusu mguu. Baba alikuwa akichechemea, mguu wa kushoto anauburuta. Mwenyewe alisema alipigwa na nyati. Kasonso alisema uongo mtupu, walikuwa wote njiani wakitoka Litapunga na magunia ya mahindi, na baba alianguka na baiskeli. Tena, anasema Kasonso, baiskeli ilikuwa imesimama.

Baba alikufa akishikilia nyati wake.

Wiki aliyofariki, Kasonso alikuwa Karema, ziwani, kufuata samaki wakavu, migebuka. Mvua ikakata barabara. Tukamngoja siku moja, ya pili haikuwezekana. Tukazika bila mtani. Kimya. Uchungu ule sijui niuelezeje.

Kasonso alikuja kufika wiki mbili baadaye, bado ana matope magotini, kapitiliza moja kwa moja kwetu. Mama akamfungia mlango. Akamwambia kwa ndani, "Umekuja kucheka nini sasa? Mwenzio ameshaoza."

Yule mzee alisimama pale uani muda mrefu. Halafu akaenda zake. Toka siku hiyo akiona mmoja wetu anavuka upande wa pili wa barabara.

Na mama akabadilika. Hakulia. Hakucheka. Anapika, anafagia, anakaa. Mchana kweupe ananyanyua kichwa na kusema, "Deo, unamsikia?" Nasema nani mama. "Baba yako. Anapita uani. Mguu mmoja unakanyaga, mmoja unaburuta." Nilikuwa sisikii kitu. Akaanza kukonda. Majirani wakaanza kuniangalia kwa huruma, mnaijua ile huruma ya kumaanisha jiandae.

Siku moja akaniuliza, "Huyo Marehemu wenu wa sinema. Akirudi nyumbani, anamwambia nini mkewe?"

Nikamwambia hajawahi kufika, mama. Wanamchoma kabla hajafika.

Halafu akasema, "Kwa nini wasimsikilize kwanza?"



Basi mikebe ya Part Three ikashuka stesheni. Nilifikiria kuificha, nawaambia ukweli. Mjane anayesikia miguu ya mumewe, unampelekaje kuona maiti inatembea? Lakini mji mzima ulishajua, na mama alishasema anakwenda. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka kwenda mahali tofauti na kanisani. Alivaa nguo zake za msiba vile vile.

Tukakaa benchi la tatu. Kasonso nilimwona kule nyuma ukutani, kajikunyata.

Sinema ikaanza. Jamani. Jamani!

Kwanza Marehemu siyo yule. Zile mbili za mwanzo zilikuwa na jitu refu, limejaa. Huyu kijana mwembamba, kavishwa sura ya bandia, na kamba ya ile sura inaonekana kisogoni. Ukumbi mzima ukasikitika. "Masikini, kakonda." "Si njaa ya kuzimu hiyo."

Msichana akaegemea jiwe la kaburi, jiwe likatikisika kama boksi. Mwezi ule ule umepita mara tatu, na wingu lake lile lile. Nyumba wameikata kutoka part two, unaona kabisa rangi imebadilika. Hiyo ndiyo low budget wakuu, hizo za kwenu mnazolalamikia ni za matajiri.

Halafu Marehemu akanyoosha mkono kutoka kaburini, mkononi ana saa.

Bibi mmoja mbele yetu, mama wa Kipimbwe anayeuza mchele, akapayuka, "Wamemzika na saa! Hao ndugu zake wajinga, ndiyo maana harudi kulala!"

Watu wakacheka, lakini bibi hakuwa anatania. Akaendelea, "Si mliona walivyomzika? Wamesimama na miavuli. Hakuna aliyelia. Hakuna chakula. Wakapanda magari wakaondoka. Mtani wake yuko wapi? Huyu mtu hajaagwa. Hata wamchome mara kumi atarudi."

Ukumbi ukakubali. Kweli bwana! Part one mtani hakuwepo, part two hakuwepo. Sinema tatu za taabu yote ile, kumbe ni msiba uliokosa mtani. Fundi Idd mwenyewe akasema kwenye giza, "Hilo sikulifikiria."

Nimemwangalia mama pembeni. Hajapepesa jicho.

Safari hii Marehemu akafika. Hawakumchoma. Nadhani fedha ya moto iliisha. Akaja anachechemea kwenye ule uwanja wa nyumba, mguu wa kushoto anauburuta, mama akanishika mkono hapa kwenye kiwiko akaufinya. Mlango ukafunguka. Mke katoka, kasimama. Marehemu akafungua mdomo.

Hakuna sauti.

Mdomo unachezacheza, hakisikiki kitu. Ukumbi ukalipuka, "Sauti! Fundi, sauti!" Nilimrushia Fundi Idd ganda la karanga mimi mwenyewe. Tukamsikia anakipigapiga kile kipaza sauti chake kama anakung'uta mkeka.

Mama akanigeukia. "Anasema nini, Deo?"

Akauliza tena, sasa kwa nguvu, na watu wakamsikia wakanyamaza. "Nyie, anasema nini?"

Ndipo Mzee Kasonso akatoka kule nyuma.

Akaja katikati ya mabenchi mpaka mbele, akaingia kwenye mwanga, kivuli chake kikamfunika Marehemu kwenye shuka. Akageuka kututazama. Kisha akatembea. Wakuu, alitembea kama baba. Siyo kufananisha, ni baba. Bega limeinama, mguu mmoja unakanyaga, mmoja unaburuta. Akakohoa kile kikohozi kifupi cha baba cha kuanzia maneno. Na sauti ikatoka ya baba.

"Mama Deo," akasema. "Mama Deo mke wangu. Nimerudi kusema jambo moja tu linanikosesha usingizi. Ule mguu."

Akauburuta hatua moja zaidi.

"Haukuwa nyati."

Akakohoa tena.

"Ilikuwa baiskeli. Nilianguka nayo. Tena, Mungu ananiona, ilikuwa imesimama."

Na mama yangu akacheka.

Siyo cheko la adabu. Alicheka mpaka akashika benchi la mbele. Akasema kwa kelele, "Najua! Miaka yote ile najua! Nyati gani anamwachia mtu alama ya mnyororo wa baiskeli mguuni!"

Ukumbi ukaanguka. Watu walicheka, wengine hawakumjua hata baba. Halafu katikati ya kicheko, mama akalia. Ule ukelele wa kilio ambao tuliungoja toka siku ya kuzika, ukatoka hapo, Jumapili, kwenye ukumbi wa sinema. Yule bibi wa mchele akamdaka, wanawake wote wakaitikia. Kasonso naye akakaa chini pale pale mbele ya shuka akalia kama mtoto, na Marehemu anaendelea kupita usoni pake.

Mwisho wa sinema ile hakuna aliyeuona.

Kesho yake asubuhi Kasonso alikuja nyumbani na matusi yake kama kawaida. Akadai haki yake ya mtani. Mama akampa kofia ya baba. Akasema haitoshi, anataka na jogoo. Mama akamwambia, "Mtani gani wewe, unakuja msibani umechelewa miezi halafu unachagua nyama." Akampa jogoo. Walimla wote wawili siku hiyo hiyo, mimi nikaachiwa shingo.

Mama hakuisikia tena ile miguu uani. Sikumuuliza, aliniambia mwenyewe.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, Kasonso alikuwa mzee wa fimbo, lakini alilazimisha vijana wamshushe kaburini. Akalala humo akagoma kutoka mpaka apewe ile baiskeli. Tukampa. Haikuwa na matairi.

Sasa nimalizie, maana macho yananiuma na mjukuu anataka simu yake.

Huyu mjukuu baada ya kunikuta nacheka, nikamhadithia. Akaingia mtandaoni akaitafuta kwa saa nzima, na akaipata! Kopi chafu, imechubukachubuka, lakini ni yenyewe. Saa ile mkononi, kamba ile kisogoni, mwezi ule mmoja. Nilifurahi kama nimekutana na mtu wa nyumbani.

Tukafika pale. Marehemu anachechemea, mlango unafunguka, anafungua mdomo.

Kimya.

Nikamwambia kijana ongeza sauti. Akasema, "Babu, sauti ipo, sikiliza, si unasikia upepo?" Nikasikiliza. Kweli upepo unavuma. Nyasi zinasikika. Ila Marehemu hasemi kitu. Anafungua mdomo, anaufunga, basi. Wenye sinema hawakumwandikia neno hata moja.

Fundi Idd, popote ulipo, nisamehe lile ganda la karanga. Kipaza sauti chako hakikuwa na kosa.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Aliyekufa hana la kutuambia, hata arudi mara tatu. Aliyekuwa na maneno ya baba yangu alikuwa mtu mzima mwenye matope magotini, amesimama uani kwetu, na sisi tulikuwa tumemfungia mlango.

Haya, uwanja wenu. Ukoo wenu watani wenu ni akina nani, na bado wanaingia kaburini au mmeshawakodishia MC? Na kama kuna anayejua sinema hii ilikuwa na part four, aniambie. Nataka kujua kama yule kijana mwembamba amepumzika.