Walipoacha Kunywa Wakamsikiliza

Asubuhi za Mbeya katika miaka ile ya sabini zilianza bila mji. Ukungu uliteremka kutoka mlima Loleza ukameza mabati, ukameza mikaratusi, ukameza hata mnara wa msikiti, na mimi nilipofungua duka la baba mdogo nilikuwa naona mikono yangu na kufuli tu. Kisha niliweka santuri ya kwanza. Muziki ulitoka nje kabla ya watu kuonekana, na nikikumbuka leo naona kama muziki ndio uliokuwa ukiwaleta: kwanza kofia, halafu kikapu cha viazi, halafu mtu mzima amesimama mlangoni anapuliza viganja vyake.

Duka letu liliuza santuri, redio, betri na sindano za gramafoni. Vilevile baba mdogo alikodisha vipaza sauti kwa harusi na mikutano. Babu yetu alikuja bara kutoka pwani akiwa mchuuzi wa nguo, akaoa huku, akazikwa huku. Baba alipofariki, mdogo wake alinichukua nikawa mkono wake wa kulia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijua kuunga nyaya kuliko wanaume wengi wa mtaa ule. Watu walishangaa mara moja, halafu wakazoea.

Siku hiyo aliyetokea kwenye ukungu alikuwa mzee mrefu, koti limepauka mabegani, gita limefungwa ndani ya kanga mgongoni kama mtoto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nina swali. Kuna zile santuri za yule mghani wa gita kavu. Yule anayesema sema. Bado zinatoka?"

Nilizijua. Zilikuwa ndani ya boksi chini ya kaunta. Mtu yule hakuwa akiimba hasa. Alisema maneno, upesi upesi, vina vikigongana juu ya mdundo wa nyuzi, na nilipokuwa mdogo nyumba nzima ilikuwa ikiyakariri.

"Hazitoki, mzee," nikamwambia. "Vijana wa reli wanataka bendi. Wanataka saksafoni. Hizo wananunua watu wazima, na watu wazima tayari wanazo."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia. "Hebu niwekee moja, nisikie."

Nikaweka. Sauti ya kijana ikatoka, imejaa kejeli na pumzi. Mzee akasogea karibu na sahani inayozunguka, na midomo yake ikaanza kwenda pamoja na maneno, bila kutangulia, bila kuchelewa. Hapo ndipo nilipoelewa nimemjibu nani. Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kusema samahani lakini sikujua samahani ya nini, maana nilichosema kilikuwa kweli.

Baba mdogo alipoingia na birika la chai alimtambua hata kabla mzee hajageuka. Walishikana mikono muda mrefu. Zamani, baba mdogo akiwa kijana anachuuza nguo kule Makongolosi, aliwaona wachimba dhahabu wakitoka mashimoni na vumbi lao usoni, wakakaa chini kumsikiliza mtu huyu mpaka chakula kikapoa. Sasa mtu huyu alikuwa amekaa juu ya kreti ya betri katika duka letu, anatafuta kazi.

"Nauliza tu kama ndugu," mghani akasema. "Je, bado mimi ni bidhaa?"

Baba mdogo alikuwa mtu wa haki na hakupenda kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Biashara haina kumbukumbu, kaka. Lakini hatujajaribu. Jumamosi napeleka vipaza Iringa, kwa mama mmoja mwenye ukumbi. Kuna bendi ya vijana, dansi la Jumapili mchana. Nitamwomba akupe nafasi wakati wanapumzika."

Tulisafiri Jumamosi kwa pikapu, sisi watatu mbele, vipaza nyuma chini ya turubai. Barabara kuu ilikuwa bado ngeni, nyeusi, laini, na kuteremka kutoka kwenye baridi yetu mpaka joto la Usangu kulikuwa kama kushuka ndani ya usingizi. Tambarare ile haina mwisho. Ng'ombe walionekana mbali, weupe, wakitembea juu ya kitu kama maji ambacho hakikuwa maji. Tulipopita Igawa mzee alionyesha kwa kidole. "Dada yangu ameolewa hapo," akasema, akafumba macho tena. Kuanzia Makambako baridi ilirudi, na kule Mafinga misonobari ilisimama kando ya njia kimya kama watu walioitwa wakasahau waliitiwa nini. Sijui kama tulizungumza. Ninakumbuka tu mzee anagonga goti lake kwa vidole viwili, anapanga maneno.

Ukumbi ulikuwa na paa la bati na sakafu iliyong'arishwa kwa nta. Mwenyewe alikuwa mama wa Kihehe, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. "Kamwene!" akatusalimia, akasikiliza ombi, akamtazama mzee kuanzia viatu mpaka nywele. "Haya. Nafasi moja. Wakikuzomea usinilaumu." Baba mdogo hakuingia ndani kwa sababu ya pombe, alibaki kwenye pikapu na chupa yake ya chai na msahafu. Mimi nilikaa kwenye mashine, nyuma ya jukwaa, nikaona kila kitu.

Mchana wa Jumapili ukajaa. Wasichana wa viatu vya raizoni vyenye soli nene, vijana wa suruali za bugaluu zinazofagia sakafu, mwanga ukiingia kwa madirisha ya juu na vumbi la dhahabu likielea ndani yake. Bendi ikapiga, watu wakacheza, wahudumu wakapishana na trei. Vijana walipopumzika mzee akapanda na gita lake kavu. Nikamsogezea maikrofoni.

Kwanza walipiga mbinja. Mmoja akapaza sauti, "Babu, mazishi ni kesho!" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akaipokea hiyo hiyo, akaanza nayo:

"Mazishi ni kesho, leo nina nafasi,
kijana umevaa bugaluu, unafagia kwa kasi,
mama nyumbani anauliza, ufagio uko wapi?"

Kicheko kikageuka upande. Hapo akapunguza gita mpaka likawa kama mvua ya mbali, akaanza kusimulia.

Ilikuwa habari ya mchimba dhahabu mmoja asiyejua kuandika, ambaye mkewe alibaki Idodi. Kila mwezi alimwomba rafiki amwandikie barua. Mwanzoni rafiki aliandika alichoambiwa: mvua, homa, salamu kwa mama. Baadaye akaongeza neno lake. Halafu mawili. Halafu akawa anaandika usiku unavyomchoma bila yule mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Miaka ikapita, mchimbaji akarudi nyumbani mikono mitupu, na mkewe akamkalisha, akamwosha miguu, akamwambia: sasa sema kwa mdomo wako yale uliyokuwa ukiniandikia.

Yote hayo kwa vina, upesi pale pa kuchekesha, taratibu pale pa kuumiza. Nilinyanyua macho kutoka kwenye vitufe. Hakuna aliyekuwa anacheza. Watu walikuwa wamesogea mbele, bega kwa bega, midomo wazi. Mhudumu mmoja alisimama katikati ya ukumbi na trei yake, hajui kama anakwenda au anarudi. Wanamuziki wa bendi walikaa ukingoni mwa jukwaa kama wanafunzi. Mchana ule ulisimama. Nilihisi kwamba nikigusa waya wowote nitaamsha watu wote.

Alipofika kwa mke anayesubiri jibu, mzee alizima nyuzi kwa kiganja. "Mimi siyajui aliyojibu," akasema. "Nilibaki Makongolosi na kalamu yangu." Akainama, akashuka.

Halafu makofi ambayo sijasikia tena mfano wake.

Nilimfuata mbio hadi chumba cha nyuma, nimejaa furaha, nikamkuta tayari yuko na mwenye ukumbi. Mama alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Mzee, umeniliza," akasema. "Mungu shahidi, umeniliza. Lakini siwezi kukuchukua."

"Hawakupenda?"

"Wamependa mno! Ndiyo shida. Tangu ulipopanda pale hakuna mtu ameagiza hata bia moja. Waliokuwa nayo mkononi wameisahau. Hawa wa bendi wakipiga, mtu anacheza, anatoka jasho, ana kiu, ananunua. Wewe unawakalisha. Mimi nitakula machozi, mzee wangu?"

Hakusema kwa ubaya. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaagiza tuletewe ugali na kuku. Mzee alikula vizuri. Mimi sikuweza.

Jumatatu tulirudi. Karibu na Makambako mzee aliniuliza, "Binti, wewe ulionaje?"

"Niliona hakuna mtu duniani anayeweza kufanya vile," nikasema.

"Haya," akasema. "Basi si kwamba nimeisha. Ila nilikuwa kwenye soko ambalo siuzwi." Akacheka kidogo peke yake. Igawa akaomba ashuke akamsalimu dada yake. Alikaa kando ya barabara, gita mgongoni, mpaka joto likamyeyusha kwenye kioo cha nyuma. Tulipoanza kupanda milima baba mdogo alibadilisha gia. "Nimemtia aibu rafiki yangu," akasema.

Masika yakaja, yakapita. Asubuhi moja mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohama na mifugo yao kutoka kaskazini mpaka Usangu, aliingia dukani na fimbo yake, akasalimu, "Mwangaluka," akanunua betri za gramafoni. Kisha akasimama tu.

"Kuna ya yule wa mnadani?" akauliza. "Wa Igawa. Anayeuza ng'ombe kwa mdomo."

Sikumwelewa. Akaweka fimbo chini, akaanza kugonga kaunta kwa vidole viwili, akitamka maneno ya Kiswahili cha kwao upesi upesi juu ya mdundo. Vidole vile nilivijua. Niliinama nikalivuta boksi.

Wiki ile walikuja wengine. Kabla ya mwezi kwisha boksi lilikuwa tupu, na baba mdogo akaandika barua kuulizia kama wenye kiwanda wana masalio. Hawakuwa nayo. "Twende tukamwone kwa macho," akasema.

Tulifika Igawa siku ya mnada, jua limekaa juu ya kila kitu. Vumbi la ng'ombe lilikuwa jekundu na lilielea, na watu walitembea ndani yake nusu nusu, vichwa bila miguu. Sauti tuliisikia kabla ya kumwona. Alisimama juu ya gogo, mikono mitupu, gita amemwachia mpwa wake mmoja, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliyekaa chini na kupiga nyuzi zile zile mbili tatu.

"Mtazame jicho, mtazame mguu,
huyu katembea toka Shinyanga kwa miguu,
kanywa Ruaha, kalala nyasi ndefu,
nani ana zizi, nani ana roho, nani ana utulivu?"

Mikono ilikuwa inapanda. Wenye kuuza walikuwa wanatoka na tabasamu, wenye kununua wanatoka wameshika kamba wakijishangaa. Dalali wa zamani, shemeji yake mghani, alikuwa ndiye aliyemjaribu kazini siku koo lake mwenyewe lilipougua, na koo lilipopona hakutaka kazi yake tena. Alikaa kivulini anakunywa maziwa, ameridhika kabisa.

Tuliongea na mghani wakati wa mapumziko. Alikuwa amenenepa. Nilimwambia santuri zimeisha zote, na akageuka kutazama tambarare.

"Utarudi ukumbini?" nikauliza.

"Mwanangu, hapa wakinisikiliza hawasahau walichokuja kufanya." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ile ya barua huwa nawaambia jioni jioni, ng'ombe wakishaondoka. Hiyo siuzii kitu."

Akarudi kwenye gogo. Akaletwa ndama jike, mweupe, mwenye doa kama wingu ubavuni, na mzee akaanza kumsema: mamake, njia aliyopita, maziwa atakayotoa kwa wajukuu ambao hawajazaliwa. Sauti yake ilizunguka polepole kwenye lile joto. Nilikuwa naona maziwa yenyewe. Niligeuka nimwambie baba mdogo neno, nikakuta mkono wake uko juu.

"Ba' mdogo!"

"Nini?" akasema, kama mtu aliyeamshwa. Akautazama mkono wake. Mnada mzima ukacheka, na mzee juu ya gogo akamwinamia kwa heshima.

Hatukuwa na zizi. Tulikuwa na duka, ua mdogo wa saruji na jirani mkali. Tulimlaza ndama nyuma ya pikapu pale vilipokaa vipaza sauti, mimi nikakaa naye ili asiogope. Barabara ilianza kupanda, hewa ikapoa, na ukungu wa kwetu ukatupokea kuanzia njiani. Baba mdogo aliendesha taratibu mno. Kwa dirisha dogo la nyuma nilimsikia anarudia yale maneno, anakosea vina, anaanza upya, na ndama ameweka shingo yake ya joto juu ya magoti yangu.