Keremkerem Hapotezi Tundu Lake

Nakumbuka siku moja, mwanangu, vita vya Maji Maji vilipopoa huku kwetu Mohoro. Tulitoka msituni tulikojificha, tukakuta bonde lote jeusi. Askari wa Mdachi walikuwa wamechoma mpunga na madungu, vile vibanda vya juu tunamokaa kuamia ndege. Mama alikuwa amefukia mtungi wa mbegu karibu na dungu letu, na sasa dungu halipo. Mvua zilikaribia. Bila mbegu ile, wadogo zangu wasingeuvuka mwaka.

Mama alichimba huku na huku mpaka jembe likamponyoka.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya Mdachi na shahada, ya kwanza kijijini petu. Niliipata kwa jasho langu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mjomba akanicheka: "Haya, bwana shahada, isomee ardhi itapike mbegu!"

"Itatapika, mjomba."

Nilikuwa nimewatazama sana keremkerem, wale ndege wala nyuki wanaochimba matundu kwenye ukingo wa mto. Matundu yao yamesongamana kama sega la nyuki, yote yanafanana, na kila ndege huingia lake. Mara moja nilichomoa tete lililoota kando ya tundu moja, nione kama mwenyewe atapotea. Ndege akasita, akapaa, akatazama kona ya mto na kichuguu, akashukia tundu lile lile. Tete lilikuwa alama mojawapo tu.

"Mama, liache dungu. Ulipofukia, kichuguu kilikuwa wapi?"

"Kisogoni."

"Na mto?"

"Mbele, pale unapokata kona. Jua la asubuhi likinichoma shavu hili."

Nikamsimamisha hivyo, nikamsogeza taratibu mpaka vyote vikakaa alivyovikumbuka. Akapiga mguu chini: "Hapa!"

Mjomba mwenyewe akashika jembe. Mtungi ukalia chini ya jembe, mbegu zimo.

"Basi jisifu," akasema, "umeruhusiwa."

Najisifu mpaka leo.

Mwanangu, usiyafunge maisha yako kwenye alama moja. Kibanda huungua, mti hukatwa, mtu hufa. Ujue mto wako unakata kona wapi, jirani yako ni nani, makaburi ya wazee wako yameelekea wapi. Ukipotea, usikimbilie kuchimba. Simama, ugeuke, uvipange upya vilivyobaki, ndipo unyanyue mguu.

Mola akufungulie njia ya kwenda, wala asikufungie ya kurudi. Akupe mpunga, na watu wa kula nao. Amina.