Usingizi wa Fundi wa Bunda

Neno la kwanza nililolisikia kutoka kwa yule fundi cherehani wa Bunda ni kwamba analala. Tulikuwa chumba cha mazoezi ya viungo, katika hospitali moja hapa Musoma, tumekaa kwenye viti vya plastiki tukisubiri zamu. Mtaalamu wa mazoezi, binti mpole wa sura ila mkali wa maneno, alikuwa anamuuliza kila mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa huu wa kutetemeka na kukakamaa, habari za usiku kabla hajamgusa mguu wala mkono. Alipomfikia, fundi akajibu kwa sauti ndogo iliyokwisha kuliwa na ugonjwa, "Nalala, binti yangu. Nikiweka kichwa tu, mpaka adhana ya alfajiri."

Nilimtazama kama mtu aliyemkuta mwingine amekalia kiti chake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na siku za mapumziko nilikuwa mwamuzi wa mpira. Kuanzia Musoma mpaka Bunda wengi hawakulijua jina langu, waliniita Refa. Nilikimbia na vijana wa rika la wanangu, na mwishoni mwa mechi wao wakishika viuno mimi bado napuliza filimbi. Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza, kidole gumba kikawa kinasugua cha shahada kama cha mtu anayeonja unga, nilijiambia mwili wangu utaushinda. Haukuushinda. Miguu ikawa inagoma mlangoni. Usiku nikawa nalala chali kama gogo, nataka kugeuka na siwezi, godoro limenishika. Na usingizi ukija ulikuja na ndoto, na ndoto zenyewe nilizicheza kwa mikono na miguu. Mara moja niliota niko uwanjani, mchezaji amenijia juu, nikamsukuma. Kumbe nimempiga mke wangu mdomoni. Jino lake la mbele lililegea, baadaye likatoka. Hakunilaumu. Alikusanya mto na kanga zake akahamia chumba walichokiacha watoto.

Na huyu fundi, aliyekaa maisha yake yote juu ya stuli akishona sare za shule, analala mpaka adhana.

Wake zetu walizoeana upesi kwenye benchi la nje. Siku moja nimelala kwenye mkeka nanyooshwa mguu, dirisha liko wazi, nikamsikia mke wa fundi akimwambia wangu, "Sisi bado tupo kitanda kimoja. Nimeshamzoea. Akianza kurusha miguu namwita polepole, anatulia."

Mke wangu akasema, "Mungu amekusaidia, dada."

"Binti," nikamwambia mtaalamu, "nyoosha kwa nguvu."

"Refa, nikizidisha hapa nitakuumiza."

"Niumize."

Baada ya kunyooshwa tulikuwa tunatembea kufuata makofi yake, hatua kubwa, mikono itupwe mbele na nyuma. Fundi alikuwa anatembea vizuri. Nasema hivyo leo. Wakati ule nilimwona anaringa. Binti akisema, "Mwangalieni Fundi anavyotupa mikono," mimi nilitazama ukutani.

Nikaamua kumpita. Kila jioni, giza likianza kuingia, nilivaa viatu vyangu vya uwanjani nikashuka kuelekea ziwani, nikikimbia kwa kadiri miguu ilivyokubali. Majirani walifurahi, wakasema Refa amerudi. Nikirudi nyumbani mwili unawaka, moyo unapiga, macho makavu. Silali. Kesho yake mchana usingizi unanivamia kwenye kochi, naamka jua limeshainama, na jioni navaa viatu tena. Ikawa hivyo mpaka nilipoanguka karibu na vichanja vya kuanikia dagaa. Akina mama waliacha kazi yao wakaninyanyua, mmoja akanipangusa mchanga usoni kama mtoto.

Binti wa mazoezi alipoyaona magoti yangu hakunionea huruma.

"Nani alikutuma ukimbie jioni yote hiyo? Nilisema asubuhi, au kabla ya saa za jioni, mwili upate muda wa kupoa. Na mchana ukilala kama mtoto mchanga, usiku utabakiwa na nini? Kile kitambaa je, umekiweka?"

Kitambaa alichokisema ni kipande cha satini, kinachotandikwa katikati ya kitanda usawa wa nyonga, ili mtu anapogeuka mwili uteleze badala ya kushikwa na shuka. Alikuwa ametufundisha na namna ya kugeuka: kunja magoti, shikanisha viganja, peleka magoti upande, bega lifuate.

"Bado," nikasema.

"Fundi alishona chake siku ile ile."

Hapo nikaamini kabisa kwamba yule mtu ana dawa anayonificha, kitambaa ni kisingizio. Nikachukua suruali iliyonipwaya tangu nikonde, nikapanda basi asubuhi kwenda Bunda, eti ikapunguzwe kiuno.

Nilimkuta barazani kwake, si mbali na stendi, anakanyaga cherehani. Binti yake ndiye aliyekuwa anakata. Yeye anashona mishono iliyonyooka tu. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka uguse kitambaa, ukishakigusa unatulia, na miguu chini inakwenda, inakwenda, haina habari na ugonjwa. Nilisimama nikaitazama ile miguu muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza bila aibu.

Alifurahi kuniona. Akanipima kiuno, futi ya kitambaa inacheza mikononi mwake, nami nacheza ndani yake, tukawa kama watu wawili wanaokamata kuku.

"Fundi," nikamwambia, "niambie ukweli. Unatumia nini?"

"Vidonge kama vyako, Mwalimu."

"Hakuna kingine?"

Ilibidi nimsogelee ili nimsikie. "Kuna huku kukanyaga. Binti wa mazoezi anasema na hili ni zoezi, nisiliache. Mchana silali, wateja hawaniachi. Na kuna huyu." Akamwelekezea mdomo mke wake, aliyekuwa anatuletea uji.

"Na kumpiga usiku, hujawahi?"

Mke wake ndiye aliyejibu, anacheka. "Wee shemeji! Alinitupa chini ya kitanda, kiuno kikaniuma mpaka nikatembea upande. Nikarudi kupanda. Siku hizi naweka mito katikati."

Nilikunywa uji ule bila kuonja sukari. Mtu mwenye dawa ningeweza kumwonea wivu nikapona, maana dawa inatafutwa. Lakini mtu aliyemtupa mkewe chini na mkewe akarudi kupanda, huyo nitampata wapi? Nilipoaga, fundi alinipa suruali yangu ikiwa imekunjwa, na ndani yake kipande cha satini ya kijani, pindo zimeshonwa vizuri. Alisema kilibaki kwenye nguo za harusi. Nilisema asante bila kumtazama.

Nyumbani niliitupa suruali juu ya kabati na kitambaa ndani yake. Mke wangu aliikuta alipokuwa anatafuta nguo za kufua.

"Hii nini?"

"Mabaki ya fundi."

"Ni kile alichosema binti?"

Badala ya kujibu nikasema lililokuwa limenikaa kooni. "Mke wake alitupwa chini ya kitanda. Akarudi."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, ile satini mapajani. Anaposema taratibu, pengo la jino linaonekana.

"Alirudi akakuta mtu anayefanya alichoambiwa," akasema. "Mimi nikirudi nitakuta nini, Baba? Mchana unalalaga, jioni unakimbiaga, unagombana na mtu wa Bunda ambaye hata hajui kama mnagombana."

Alikitandika kitambaa, akazichomeka kingo zake chini ya godoro, akatoka. Usiku ule sikukitumia. Nililala pembeni ya kitambaa, nimejibana ukutani, kwa ubishi tu.

Wakati wa kuvuna mtama tulikwenda kwetu Butiama, kwa mdogo wangu anayekaa upande wa Mwitongo. Mke wangu alikibeba kile kitambaa bila kuniuliza. Asubuhi aliniamsha mapema, akatembea nyuma yangu njia nzima ya shambani akipiga makofi kama binti wa mazoezi. "Hatua kubwa. Tupa mikono." Ndugu zangu walicheka mpaka wakachoka kucheka. Niliinama, nikainuka, nikabeba masuke mpaka kwenye mkeka. Baada ya chakula cha mchana macho yalipoanza kufumba alinisukumia ungo. "Pepeta." Nikapepeta, nusu ya mtama ikaangukia kuku, hakuna aliyenizuia.

Nyumba ilikuwa imejaa wavunaji. Tulipewa chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Aliweka mito katikati, kama mke wa fundi, na sikujua nifurahi au nikasirike kwamba ameiga ya kule Bunda.

Kulipokucha nilimkuta ameketi ananitazama.

"Umegeuka," akasema. "Nimekusikia umegeuka mwenyewe, mara mbili."

"Nimekupiga?"

"Umeupiga mto."

Nilikuwa nakumbuka kidogo: magoti, viganja, bega likafuata, na satini ikaniachia.

Tuliporudi Musoma daktari naye alinibadilishia kidonge cha usiku, ndoto zikapungua makali, hazikuisha. Mke wangu hakurudi kitandani kwangu. Alimwita seremala, akaleta kitanda kingine chumbani mle mle, umbali wa kunyoosha mkono. Ziko siku nalala mpaka majogoo, ziko siku nakesha kama zamani nikisikiliza pumzi zake. Asubuhi natembea naye mpaka ziwani kabla jua halijakuwa kali. Kwenye kochi amepanga vikapu vyake ili nisipate pa kujinyoosha.

Fundi nilimshukuru baadaye, kwa maneno machache, kwenye benchi la hospitali. Akaniuliza, "Mama amerudi?" Nikasema amerudi chumbani. Akasema alhamdulillahi, na alimaanisha, huku mke wake akimfunga kifungo cha shati shingoni. Nikageuza uso. Bado inanichoma.

Kliniki iliyopita hakuja, mafua yalimshika. Nilikuwa wa mbele kwenye mstari wa makofi, na binti akanisifu mara kadhaa, lakini miguu yangu ilikuwa mizito maana hapakuwa na wa kumpita. Tulipotoka mke wangu alimpigia simu mke wa fundi kumjulia hali.

"Anasema kalala," akaniambia, simu bado sikioni.

"Saa hizi? Mchana?"

"Mchana."

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilifurahi mpaka tukafika getini. Kisha nikamwambia, "Mwambie amwamshe. Amwambie Refa amesema asilale mchana."