Nilimfunga Binti Yangu kwa Pikipiki Apate Mbio

Nilikosa mimi, na kosa lenyewe ni la kijinga hadi shetani angeona aibu kulidai: nilimfunga binti yangu kwa kamba nyuma ya pikipiki.

Wacheni nipumue kwanza.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Malaba wenzangu wakivuka mpaka, mimi navuka ua kwenda chooni. Shuleni, mtu pekee niliyemshinda mbio alikuwa na surua. Lakini Amoit wangu, miaka kumi na minne, alikuwa na miguu! Mita mia alizikata hadi mwalimu wake akaanza kutaja mashindano ya kaunti. Kichwa changu kikavimba.

Kwenye simu nikaona video ya mkimbiaji akivutwa kwa kamba ya mpira ili miguu izoee kasi. Mpira sina. Nikamwomba utingo mmoja wa lori kamba ya kufungia turubali, nikamwita Etyang wa bodaboda.

Foleni ya malori ilikuwa imesimama, kama kawaida yake. Kando yake kuna kinjia cha vumbi wanakopenya wa boda. Nikasema uwanja ndio huu! Nikamfunga mtoto kiunoni fundo la kufungia ng'ombe, lile likivutwa linakaza. Nikapanda nyuma ya Etyang, fimbo mkononi.

"Baba, imenikaza."

"Ndiyo mbio hiyo! Etyang, ongeza!"

"Mzee, huyu ni mtoto, si trela."

"Ongeza, wewe!"

Akaongeza. Haki ya Mungu, sijawahi kuona mtu akikimbia vile! Nilikuwa nacheka.

Mbele yetu dereva aliyekuwa akipika kando ya gurudumu akainuka ghafla. Etyang akamkwepa. Kamba ikamrusha mtoto kwenye chuma cha trela, akaanguka, na pikipiki bado inaenda. Aliburutwa kwenye kokoto! Goti likapasuka nikaona mfupa, mweupe kabisa.

Madereva walinishukia na spana za magurudumu. Mmoja alinitoa meno mawili, mwingine akanikanyaga ule mkono wa fimbo. Mama Amoit akaja mbio na mwiko wa ugali, akanichapa mpaka madereva walewale wakamshika.

"Niacheni! Bado sijamaliza!"

Alipomtoa mtoto hospitalini alimpeleka kwa jirani yetu, Mama Barasa. Kwangu hawajarudi. Nimebaki na nyumba niliyoipenda sana, kimya hadi inanitukana.

Wazazi wenzangu, kocha si mtu mwenye simu na bando! Mtoto akiwa na mbio, mwachieni mwalimu wake. Na akisema inauma, inauma!

Jana nilijikaza nikaenda hadi kwenye ua wa Mama Barasa, nikamuuliza kama Amoit atakimbia tena. Mama Barasa aliendelea kuchambua kunde, hata hakuinua macho.

"Baba Amoit, mtoto akisikia pikipiki inapita anashika kitanda na mikono yote miwili. Na wewe unaniuliza mambo ya kukimbia?"