Vidonge vya Mama Mikunjo

Mama Mikunjo hakuwa na simile na nguo iliyokunjamana. Akikutana nawe mlangoni kola imelala upande, ataiweka sawa kwanza, salamu baadaye, uwe mkubwa uwe mdogo. Siku moja alimnyoosha kola mzee aliyefuata suruali yake, huku akiuliza ni adui gani aliyelipiga pasi shati lile. Kumbe adui mwenyewe ni mke wa mzee, na alikuwa amesimama nyuma yake. Jina likaanzia hapo, naye akalipokea bila kinyongo.

Duka lenyewe la dobi lilikuwa vyumba viwili. Mbele ilikaa meza ya pasi, imetandikwa blanketi lililoungua kingo. Nyuma yalikuwa mabeseni, na huko alifanya kazi wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke msema hovyo mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni. Kwa kuwa Mama Mikunjo alimwita "wifi" kutwa kucha, wateja nao wakamwita Wifi, hata wale ambao hawakuolewa na kaka yake.

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Wifi ilikuwa kupekua mifuko. Nguo haikuingia majini mpaka mifuko yote igeuzwe nje. Alishakuta humo funguo, meno ya bandia, na siku moja nusu ya yai la kuchemsha. Aliyapanga yote dirishani ili wenyewe waje kuaibika.

Mama Mikunjo alijifungua kwa upasuaji, na nusura waondoke wote wawili, yeye na mtoto. Daktari alimwambia waziwazi kwamba tumbo lile lilihitaji kupumzika, na kwamba kubeba mimba nyingine haraka ni kucheza na maisha. Mumewe, dereva wa lori ambaye nyumbani alionekana kwa nadra, aliyasikia hayo kwa masikio yake. Kliniki ikampa vidonge vya kuzuia mimba vya wanaonyonyesha, kimoja kila siku, saa ileile, bila kuruka. Alimeza kila alipowasha pasi asubuhi. Pakiti aliiweka mfukoni mwa aproni.

Jumamosi moja shuka za nyumba ya wageni zilijaa mpaka mlangoni. Mama Mikunjo alimwagikiwa na wanga wa kukazia nguo, akavua aproni na kuirusha kwenye beseni la nyuma. Siku hiyo Wifi alipekua mifuko ya wateja wote, ila ya aproni ile hakuigusa. Nani anapekua mifuko ya mtu wa nyumbani? Pakiti ilitoka imevimba, vidonge vimekuwa uji.

"Wifi, umeniua!" alisema Mama Mikunjo, na wakacheka mpaka mtoto akaamka kwenye kapu la nguo.

Kliniki ilikuwa imefungwa, na jioni ileile lori la mumewe likaegeshwa nje. Mume alikaa siku mbili akaondoka. Mama Mikunjo alipopata pakiti nyingine alirudi kumeza kama kawaida. Safari hii aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuukaza kwa uzi, akasema sasa Wifi aifue mpaka achoke.

Wiki zikapita. Kisha harufu ya nguo zinazofuka mvuke wa pasi ikaanza kumchefua, yeye aliyeivuta maisha yake yote. Mtoto naye akawa analishika titi, analiachia, analia.  Mama Mikunjo alikwenda duka la dawa akarudi na kipimo cha mimba kilichofungwa kwenye gazeti, na muuzaji alimpa haraka haraka bila hata kumtazama usoni.

Walikaa chumba cha nyuma juu ya lundo la shuka. Wifi ndiye aliyesoma maelezo kwenye boksi, kwa sababu macho yake yalikuwa na afadhali.

"Pima kuanzia siku ya kwanza ya kuchelewa kwa hedhi," alisoma. "Haya, yako ilitakiwa lini?"

"Hedhi gani, wifi? Tangu nijifungue sijaona kitu. Nanyonyesha, nameza na vidonge. Nesi alisema ni kawaida."

"Basi haijachelewa."

"Itachelewaje na haiji?"

"Ndiyo usubiri. Ukipima kabla ya wakati kitakudanganya, na tunacho hicho kimoja tu."

"Na hivi vidonge navyo, si vinaweza kukichanganya?"

"Hapo sasa," alisema Wifi, kama mtu anayejua.

Wakakiweka rafuni pamoja na vifungo na nyuzi. Inakera kuisimulia habari hii, kwa sababu kliniki ilikuwa mwendo wa kutembea tu, na swali lenyewe lingejibiwa mlangoni. Lakini Mama Mikunjo aliogopa. Kama ni mimba, angemtazamaje daktari yule? Angemwambia nini mumewe? Boksi lilimwambia asubiri, naye alishukuru kuambiwa hivyo.

Mara yakaja matone ya damu, machache, ya rangi ya kahawia. Wifi alipiga vigelegele vikajaa chumba kizima.

"Si hizo siku zako! Zimekuja zenyewe!"

Alikwenda kununua soda mbili wakanywa wamesimama. Mama Mikunjo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Tumbo lilimvuta chini upande mmoja, lakini alisema ni kovu la upasuaji. Kipimo kikabaki rafuni na gazeti lake.

Alhamisi aliamka na maumivu ya bega. Kulikuwa na mashati ya watu wa benki, marundo mawili, na pasi ile ilikuwa nzito kweli. Wifi alimsugua dawa ya misuli, akamtania kwamba uzee umebisha hodi.

"Kaa kidogo, wifi."

"Nimalizie hili."

Hakulimalizia. Wifi alisikia harufu ya kuungua akakimbilia mbele. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati na moshi unapanda. Mama Mikunjo, ambaye hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, alikuwa ameketi sakafuni, midomo imepauka, jasho jembamba la baridi limemtoka.

Jirani mwenye gari aliwafikisha hospitali. Nesi aliuliza kama mgonjwa ana mimba.

"Hapana," Wifi alijibu. "Anameza vidonge. Na siku zake ameona juzi."

"Alipima?"

Wifi akaeleza habari ya boksi. Nesi hakumkaripia, na angemkaripia ingekuwa nafuu.

"Dada, yale maelezo ni kwa mtu ambaye siku zake zinafuata tarehe," alisema. "Mwenye vidonge ambaye haoni siku, au anaona matone tu, hana cha kusubiri. Akipata wasiwasi anapima. Zikitimia wiki tatu tangu alale na mume bila kinga, jibu linaaminika. Vidonge havikidanganyi kipimo."

Kisha akamweleza lililobaki. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija, na mrija ulikuwa umepasuka. Yale matone hayakuwa hedhi. Damu ikijaa tumboni, mtu husikia maumivu begani. Wifi alitazama viganja vyake vilivyokuwa bado vinanuka dawa ya misuli.

Mama Mikunjo alikufa chumba cha upasuaji kabla jua halijazama.

Asubuhi ya maziko Wifi alisimama kwenye meza ya pasi akinyoosha shati la kaka yake. Kazi ya pasi haikuwa yake, mikunjo ilimshinda. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kifua wazi, mtoto anamlilia mapajani.

"Niambie ukweli," alisema. "Alikuwa anavimeza kweli? Au aliacha?"

 Wifi aliichukua aproni iliyoning'inia nyuma ya mlango, akapekua mifuko yake yote miwili, akaigeuza nje. Akautoa mfuko wa plastiki na kuukata uzi kwa meno. Vidonge vilikuwa vimetolewa kimoja kimoja kwa mpangilio, mpaka kile cha Alhamisi.

"Hakuruka hata kimoja," alisema Wifi. "Pakiti iliyopita niliifua mimi. Sikupekua mfuko."

Kaka aliitazama pakiti. Kisha akainuka na kuvaa shati. Kola ilikuwa imelala upande. Wifi aliinua mkono aiweke sawa, na kaka yake akarudi nyuma hatua moja.