Nazi Nzima Mezani

Sisi tuliokulia Balsall Heath, mtaa wa Birmingham, Uingereza, miaka ya sitini ikielekea ukingoni hatuhitaji kukumbushwa baridi. Baridi ya siku hizo ilikaa ndani ya nyumba kama mpangaji. Choo kilikuwa uani, madirisha yaliganda barafu kwa ndani, na asubuhi tulivalia nguo chini ya blanketi. Chupa za maziwa zilisubiri mlangoni, na usipoziwahi, ndege walitoboa kifuniko wakanywa malai yote ya juu. Jioni tulicheza gololi na kuruka kamba barabarani mpaka mama wa kila mtoto atoke kuita jina. Jina lako likiitwa mara ya pili, ulijua utakiona cha mtema kuni.

Mimi niliitwa majina mawili. Mama aliniita Mariamu. Nyanya, mama yake Baba, aliniita Miriam. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayekosea kulitamka, nami niliitika popote palipokuwa na chakula.

Mama yangu, Kadzo, alikuwa Mrabai, mtoto wa kanisa tangu kwa babu yake, na alifanya kazi ya unesi. Baba alikuwa Myahudi aliyezaliwa Nakuru, fundi wa saa kama baba yake. Walioana Nairobi mbele ya ofisa wa serikali, kwa kuwa kanisani hawakutakiwa na kwenye sinagogi ndiyo hata usiulize. Uhuru ulipopatikana wakaja Birmingham, na babu alipofariki Nyanya naye akaja, akapanga vyumba viwili Edgbaston, mwendo wa nusu saa hivi kutoka kwetu kwa miguu.

Jumamosi asubuhi Baba alitupeleka sinagogi, mimi na kaka yangu Daudi. Jumapili Mama alitupeleka kanisani. Watoto wenzetu walikuwa na siku mbili za kulala mpaka jua litoke. Sisi tulikuwa na siku mbili za kuvaa soksi ndefu. Siku hizi nawasikia vijana wakilalamika eti wamechoshwa na mambo ya dini, na mtu mwenyewe hajawahi kukaa ibada mbili kwa wikendi moja, kola imemkaba shingo na kichwa kimesukwa mpaka nyusi zimepanda juu.

Taabu yetu ilikuwa Ijumaa. Ijumaa jua likizama Sabato huingia, na Baba alikuwa akienda kula kwa mama yake, kwa sababu Nyanya hakula kwetu, jikoni kusikofuata sheria za chakula za Kiyahudi. Akija alikunywa chai ya rangi kwenye glasi, basi. Kwa hiyo usiku ambao kina Baba wote wa Kiyahudi waliketi na watoto wao, sisi tulikula bila wetu. Mama aliweka sahani yake mezani kila mara, na kila mara aliirudisha kabatini ikiwa safi. Niliichukia sauti ya ile sahani ikirudi kabatini.

Siku moja Daudi, mdogo bado, aliuliza kama Baba ana watoto wengine anaokula nao Ijumaa. Nyanya alipokuja tena kunywa chai yake, Mama aliketi mbele yake, mikono juu ya magoti.

"Mama," akasema, "kuanzia wiki ijayo Ijumaa tunakula hapa. Sote."

Kiswahili cha Nyanya kilikuwa kile cha walowezi, alichojifunza kwa kuwaamrisha wapishi. "Hapana," akasema. "Wewe nafikiri hii toto ni Yahudi? Toto nafuata mama yake. Hiyo sheria ya sisi."

"Vizuri," Mama akamjibu, na sauti hakuipandisha. "Kama watoto wanamfuata mama, basi mama ameshasema. Ijumaa wanakula na baba yao, na bibi yao akipenda. Nami si mpishi wako, Mama. Mimi ni mkwe wako. Nakukaribisha."

Nyanya aliimaliza chai yake. Kisha akasema atakuja, kuangalia tu.

Mama akishika jambo, ameshika. Alimwomba matroni, mkuu wa wauguzi hospitalini kwake, ampe Ijumaa jioni zote, na matroni akamwambia hilo litawezekana akikubali zamu ya Krismasi, mwaka huu na mwaka ujao. Mama akakubali. Kwetu hakumwambia mtu. Alinunua sufuria mpya ambazo hazijawahi kuonja chochote, akatenga sahani za nyama na sahani za maziwa, akazitia rafu mbalimbali, na ole wako ukikosea rafu. Kuku alitoka kwa mchinjaji wa Kiyahudi. Moto chini ya sufuria aliuwasha Baba mwenyewe, maana sheria ilitaka mkono wa Myahudi uwemo katika mapishi. Mkate wa Sabato husukwa, na hapo Mama alicheka: mtu aliyesuka vichwa tangu Rabai atashindwa na unga? Mkate wake ulikuwa na mistari mizuri kuliko nywele zangu.

Akapika kilicho chema kuliko vyote alivyovijua, kuku wa nazi. Nazi tulizipata kwa Bwana Harji, Mhindi aliyetoka Kisumu, aliyekuwa na duka pembeni mwa barabara yetu. Mama alitandika gazeti jikoni, akakalia mbuzi ya kukunia nazi aliyokuja nayo kwenye sanduku tangu Kenya, akakuna. Harufu ya tui lililokolea vitunguu na bizari ilipita chini ya mlango mpaka barabarani, na majirani walifungua madirisha kwenye baridi ile ili waivute.

Nyanya akaja na kofia yake, akawasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja akasema baraka. Mama alisimama nyuma yake ameinamisha kichwa. Baba akabariki mkate. Nikamwona Nyanya akiupapasa ule mkate, akihesabu misuko kwa kidole, na uso wake ukalegea kidogo. Ndipo Mama akafunua bakuli.

Nyanya alisimama kiti kikaanguka.

"Maziwa!" akasema. "Kuku na maziwa! Kwa Sabato!"

Kwa Wayahudi nyama na maziwa havikutani, wala sufuriani wala tumboni. Na lile tui, jeupe, zito, lilikuwa maziwa matupu kwa yeyote asiyekulia chini ya mnazi. Mama akasema si maziwa, ni nazi. Baba akasema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha ya kwao. Nyanya alikuwa ameshavaa koti. Akasema hata yeye akiamini kuwa ni nazi haisaidii, jicho limeona nyeupe juu ya nyama, na jicho la mtu mwingine pia lingeona. Akatoka kwa miguu, kwani Sabato ikishaingia hapandi basi. Baba akamfuata, kwani hangeweza kumwacha mama yake barabarani gizani.

Tukabaki watatu na lile bakuli. Daudi akaanza kulia. Mama alikaa akiishika sahani ya Baba, nami nikasubiri ile sauti ya kabati. Hakuirudisha. Aliifunika kwa sahani nyingine, akaiacha mezani, akasema, "Ijumaa ijayo napika kilekile."

Baba alimsihi apike supu. Bwana Harji alimsihi apike dengu. Mchungaji wetu alimwambia, kwa upole, kwamba labda Mungu hakuikusudia meza hiyo. Mama akawaitikia wote kwa heshima, kisha akaenda akanunua nazi mbili.

Ijumaa ikaja. Mpaka leo sijui Baba alimshawishi vipi mama yake. Nafikiri ni ule mkate. Mishumaa, baraka, kila kitu kama mwanzo, ila katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, Mama alikuwa ameweka nazi nzima, na manyoya yake yote, kama mgeni rasmi. Kando yake nusu ya nyingine iliyovunjwa, nyama yake nyeupe ikimwelekea Nyanya. Ndipo akafunua bakuli.

"Ili jicho lione," akasema.

Nyanya hakuinuka. Aliinyoosha mikono akaichukua ile nazi, akaipindua, akaitikisa sikioni. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, nami nikadhani ni hasira. Kumbe analia.

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Hakuna, Mama. Nimefikiria mwenyewe."

Basi akatuambia. Alipokuwa mtoto, huko Ulaya kabla ya vita, mama yake alikuwa akipika nyama kwa maziwa ya lozi siku za sikukuu. Na kila mara alitandaza lozi nzima mezani kandokando ya bakuli, ili mgeni akiona weupe ajue umetoka wapi, asije akamdhania mwenye nyumba vibaya. Ilikuwa desturi ya watu wao tangu kale. Tangu aondoke nyumbani kwao hakuwahi kuiona tena meza ya namna hiyo. Vita vilipoisha, hakuna aliyebaki katika watu wa meza ile.

Alikula. Aliomba tena. Na Baba akala kwenye sahani yake, nyumbani kwake.

Krismasi ilipokaribia Mama akatuambia ana zamu, na hapo ndipo Nyanya alipojua Ijumaa zake zilinunuliwa kwa bei gani. Asubuhi ya sikukuu alibisha hodi akiwa na kofia yake, akatuvisha soksi, akatushika mkono mimi na Daudi mpaka mlangoni mwa kanisa. Ndani hakuingia. Aliketi kwenye benchi la ukumbi wa kuingilia, nje ya mlango wa ibada, pochi mapajani, mpaka wimbo wa mwisho. "Mama yako nafanya kazi," akasema. "Kanisa hapana ngoja yeye."

Wote wamelala sasa, kila mmoja kwenye makaburi ya watu wake. Mimi naishi Erdington, Birmingham hiihii, na Ijumaa bado naweka nazi mezani. Siku hizi tui liko kwenye mkebe, na liko kwenye boksi limeandikwa maziwa, vijana wanalitia kwenye kahawa na kunieleza faida zake kana kwamba limegunduliwa juzi. Nyanya angelipiga hilo boksi kwa mwavuli. Sisi tulikuwa na jiko moja, meza moja, na mtu aliyekataa kurudisha sahani kabatini. Wao wana kila kitu, na kila mtu anakula na simu yake.

Majira haya ya baridi viganja vyangu vimeniuma, sikuweza kuvunja nazi wala kwenda dukani. Mjukuu wangu Tamari, anayesoma chuo hapa, akaja kupika. Akafungua mkebe. Nikaguna.

"Lakini Nan," akasema, maana ndivyo anavyoniita bibi yake, "tui ni tui." "Why bother?"

Nikaenda kutafuta mishumaa. Niliporudi meza ilikuwa tayari, mkate, kitambaa, bakuli limefunikwa. Na katikati, palepale pa siku zote, amesimamisha ule mkebe mtupu, ameuosha, picha ya nazi ikikitazama kiti alichokuwa akikalia Nyanya. Sikuwa nimemwambia auweke.

Ijumaa ijayo nitamkalisha kwenye mbuzi, apende asipende. Lakini hiyo jioni niliuacha mkebe ulipo, nikamwambia awahi mishumaa, jua linazama.